Mwizi wa Karanga za Mbegu

Vero, mwanangu, mama yangu,

Sikusalimu, maana uko hapo nyuma ya ukuta na kicheko chako nakisikia. Shangazi zako wamekukalisha mkekani tangu adhuhuri wanakupa mashauri: mama mkwe husalimiwa kwa goti, mume hajibiwi akiwa na njaa, uwanja ufagiliwe kabla kuku hawajatoka. Waache waseme, ndiyo kazi yao. Mama wa binti anayeondoka hukaa jikoni akanyamaza, ndiyo desturi yetu, na desturi hiyo hainipi taabu kwa sababu nimezoea kunyamaza. Lakini masista wa misioni walinifundisha kuandika nilipokuwa msichana, wakasema itanifaa siku nikipata mchumba. Baba yako hakuniandikia barua hata moja, naye hakuandikiwa. Basi kalamu hii imekungoja wewe.

Kesho asubuhi kamyo inayokwenda Kabambare kuchukua pamba itawapakia hapa Kasongo, na kutoka Kabambare mtakwenda kwa miguu hadi Wamaza, mume wako Donati akisukuma baiskeli yenye mizigo. Anarudi kwao kufundisha shule, nawe unamfuata, hakuna la ajabu hapo. Mtakaa kwa mama yake mpaka ajenge nyumba. Wewe una mimba ya pili. Mwanao Kizito umemwachisha ziwa juzi tu, na sasa hivi amelala mgongoni kwa mdogo wako Roza, midomo yake inanyonya hewa.

Unajua itakavyokuwa mkifika. Mtoto aliyeachishwa ziwa halali tena na mama yake. Ataletwa kwa bibi yake, atalala kwenye mkeka wa bibi, atakula katika bakuli la bibi. Mama mkwe wako nimemwona siku ya harusi. Ni mama mwema, ana mikono ya kazi, na alipomshika mtoto wa jirani mtoto akanyamaza mara moja. Atampenda Kizito sana. Hilo ndilo ninaloliogopa, na ndiyo sababu naandika.

Shangazi yako Felisita amechungulia hapa aone kama nalia. Hakuona kitu, akarudi kwa wenzake. Nimemsikia akisema, "Mama ya Vero iko na roho ya jiwe." Si jiwe, mwanangu. Ni ganzi. Ukikalia mguu muda mrefu, unasimama nao, unatembea nao, lakini hauusikii. Nimekuwa hivyo tangu siku za mdogo wako Andrea, nawe umekua ukinijua hivyo, kwa hiyo huwezi kuona tofauti. Nakwambia tu usidhani kesho, kamyo ikiondoka na mimi nimesimama macho makavu, kwamba sijali. Najali. Sisikii tu.

Sasa nikueleze habari za Andrea, maana wakati ule ulikuwa meno ya mbele yameng'oka, na mambo uliyaona kwa macho ya mtoto.

Tulikuwa tunakaa na bibi yako, mama wa baba yako. Miaka ile kila nyumba ilipewa mashamba ya Leta, yaani ya serikali: pamba, mpunga na karanga. Shamba la chakula tulilima na nguvu iliyobaki, na nguvu iliyobaki ilitosha muhogo tu, kwa sababu muhogo hauna kisirani. Unauchomeka, unauacha, unakuja kuukuta. Maharagwe yalikuwa kidogo, pembeni mwa muhogo. Karanga za mbegu zilikaa kwenye kikapu kilichotundikwa juu ya moto ili wadudu wasiziingie. Kapita, yule msimamizi wa mashamba, alipita kukagua. Baba yako aliniambia, "Akikuta mbegu haitoshi, ni mimi watafunga, haiko weye." Hakusema kwa ukali. Alisema jambo lilivyokuwa, maana jirani yetu walikuwa wamemfunga na alirudi akikohoa.

Kwa hiyo nililinda kikapu kile. Akiba haiozi, nilikuwa nikisema.

Nilipopata mimba ya Roza, nilimwachisha Andrea ziwa, nikampeleka kwa bibi yako kama inavyotakiwa. Hakulia sana. Alikuwa mtoto mtiifu, wa kuwekwa mahali na kukutwa palepale. Bibi yako alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Alimkandia bugali ya muhogo laini, akachovya tonge katika supu ya maharagwe, akampa. Maharagwe yenyewe alikuwa hampi. Alisema, "Nguvu yote ya maharagi iko mu supu. Hii ingine ni maganda, itamupandisha tumbo." Hakuyala yeye pia, usimfikirie vibaya. Aliyatia kwenye sahani ya baba yako aliyetoka shambani. Mara nyingine aliacha supu yake mwenyewe ili Andrea apate ya kutosha.

Na kuku je? Tulikuwa nao, na waligawana uwanja na sisi. Kuku ni wa mgeni, yai ni la kuangua kuku, na zaidi ya hapo unajua wazee wetu wanavyosema: mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Nyama vilevile. Mtoto mdogo akijua utamu wa nyama, ataiba nyama ya watu. Kwa hiyo wewe na Andrea hamkujua ladha ya yai. Samaki wa Nyangwe, kule mtoni, walifika kwetu kwa nadra, wamekaushwa, wamekolea moshi mpaka hujui kichwa wapi na mkia wapi, na walikuwa wa wanaume.

Lakini wewe ulikuwa mwizi hata bila mayai.

Sijui ulianza lini. Nilikuta maganda ya karanga yamesukumwa chini ya mkeka wako, mengi, mapya na ya zamani. Nilikuita. Nikakuuliza, "Vero, nani anakula mbegu ya Leta?" Ukanitazama usoni bila kupepesa macho, ukasema, "Ni panya, mama."

"Panya gani anamenya karanga, anaficha maganda?"

"Panya mukubwa."

Bibi yako alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuchapa kwa fimbo ya mpera, nikakuchapa tena nilipokuta umeweka jiwe juu ya kinu ili ufikie kikapu. Bibi yako alikuwa anasema, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akiniunga mkono. Nilipandisha kikapu juu zaidi. Siku chache baadaye nikakuta maganda kwenye majani nyuma ya nyumba. Ulikuwa umejifunza kuficha mbali.

Andrea hakuiba kitu. Alikula alichopewa.

Akaanza kunenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikajaa, mpaka vidole vya miguu vikawa kama vimefungwa uzi. Wanawake kisimani waliniambia, "Mutoto yako ananona sana, unamulisha nini?" nami nilijibu kwa majivuno, "Anakula kwa bibi yake." Nilikuwa na furaha. Nakwambia hivi ili ukumbuke neno lile: ananona. Ukilisikia Wamaza, usifurahi kabla hujamtazama mtoto machoni. Andrea alikuwa amenona lakini hachezi. Alikaa mlangoni tu. Nywele zake zilibadilika, zikawa nyepesi na nyekundu kidogo, na mimi nikasema ni jua. Ngozi ya miguu ilianza kutoka vipande vipande, nikasema ni moto wa jikoni. Kila kitu nilikipa jina.

Baba yako ndiye aliyesema twende dispansere ya misioni. Munganga, yaani tabibu wa pale, alikuwa mtu asiyependa maneno. Alimkalisha Andrea kwenye meza, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akatoa kidole. Shimo likabaki.

"Mama, unaona hii shimo?"

"Naona."

"Mafuta haiachi shimo. Hii ni maji. Anakula nini?"

"Anakula vizuri sana."

"Nakuuliza nini."

"Bugali."

"Na nini?"

"Na supu ya maharagi."

"Na maharagi?"

Nikamwambia maharagwe ni ya watu wakubwa. Hakunikaripia, na mara nyingine nimetamani angenikaripia. Alisema mtoto ana njaa. Nikamwambia hana njaa, ukimpa chakula anakataa, amekwisha shiba. Yeye akasema, "Ndiyo, ameshiba, na iko na njaa. Yote mbili." Sikuelewa. Nilidhani ananidharau kwa sababu natoka mashambani.

Nimekuja kuelewa baadaye, na nakueleza hapa ili usihitaji muda mrefu kama mimi. Kwetu ukiulizwa kama umekula, unaulizwa habari za bugali. Mtu anaweza kula ndizi, papai, muwa na mahindi ya kuchoma, akakwambia tangu asubuhi hajala, na hasemi uongo. Kula ni bugali. Vingine vyote ni mboga, na mboga ni ya kusukumia tu. Basi mama akiulizwa "Mutoto amekula?" anajibu amekula, na neno linafunga mlango. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Bugali ya muhogo inalijaza upesi, analala, na mwili wake haukupata kitu cha kujijengea. Kesho anajazwa tena. Sisi wakubwa tunajiibia: tunaokota karanga shambani, tunaonja sombe ya majani ya muhogo jikoni, tunatafuna njiani. Mtoto aliyekaa mkekani hana mahali pa kujiibia.

Masista walitoa maziwa ya unga. Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Uvimbe ulianza kushuka, na uliposhuka nikaona mtoto wangu alivyokuwa kweli ndani ya ule unene, mifupa mitupu. Akafa alfajiri, mikononi mwa bibi yako, si mwangu. Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji.

Tulimzika. Mvua ilikuwa imeshaanza, na baada ya msiba kapita akaja. Alisimama uwanjani amevua kofia, akatoa pole, akasema, "Mama, pole sana. Lakini mvua haingoji. Mbegu iko?" Nikasema iko. Nikateremsha kikapu. Kilikuwa kimejaa, kilichopungua ni zile ulizoiba wewe tu. Nikaenda shambani na jembe na nikapanda karanga, moja moja, nikifukia kwa mguu. Nilimaliza mistari yote siku ile na sikukumbuka hata mstari mmoja nilivyoupanda. Jioni nilitazama shamba, nikajiuliza ni nani aliyelipanda. Ganzi ilinianzia pale.

Akiba haiozi, kweli. Haikuoza hata moja. Zote zilichipuka, na mwaka ule karanga zilizaa mpaka watu wakaja kutazama.

Watu walitafuta sababu, kama kawaida. Wengine walisema mimba ya Roza ndiyo iliyomharibu Andrea, kwamba niliharakisha. Wengine walimtazama bibi yako, maana mtoto alilala kwake, na uchawi ni neno jepesi mdomoni. Mwisho bibi yako akaacha kwenda kisimani. Nilijua si uchawi, nilijua ni supu, lakini sikuwa na nguvu ya kumtetea, nikamwacha ajitetee peke yake. Hayo nayo nayabeba, ingawa siyasikii uzito.

Jambo lililonifungua macho lilikuwa ni wewe. Miezi kadhaa baada ya msiba nilikukuta nyuma ya nyumba umechuchumaa, mdomo unatembea. Ulikuwa umechimba karanga shambani kabla hazijakomaa. Uliponiona ulijikunja kungoja fimbo. Nikachuchumaa mbele yako. Nikakutazama miguu: imekonda, migumu, ina makovu ya kukimbia. Nikabonyeza mguu wako kwa kidole gumba, ukaona nimerukwa na akili. Shimo halikubaki. Nikashika nywele zako, nyeusi, nzito, zimejaa majani. Ulikula bugali ile ile, supu ile ile, katika nyumba ile ile. Ulichomzidi ndugu yako ni wizi.

Hukumbuki nilichofanya. Au unakumbuka na hujapata kusema. Nilichimba shina jingine nikakupa, nikakaa palepale mpaka ukamaliza.

Mara moja, ulipokuwa mkubwa, uliniuliza kama Andrea alikufa kwa sababu ulimaliza karanga peke yako bila kumgawia. Uliniuliza ukiwa unachambua mpunga, hukuinua kichwa, nami nikakwambia nyamaza, fanya kazi. Sikujua kwamba swali lile lilikuwa zito. Sasa nakujibu. Hapana. Ulikuwa mtoto mwenye njaa na ulijilisha. Fimbo niliyokupiga ningejipiga mimi. Kama wakati ule ningekuwa na moyo unaosikia, ningekukumbatia. Nakuandikia badala yake.

Roza alipofika wakati wa kuachishwa, bibi yako alimchukua, na mimi sikukataa. Mkwe hakataliwi, na yule mama alikuwa amebakiwa na nini tena? Nikamwambia tu kwamba bugali ya mtoto nitakanda mimi. Nilichemsha maharagwe mpaka yakalainika, nikayasaga kwa mwiko, nikayapitisha kwenye kitunga maganda yabaki. Kisha nikafinyanga tonge la bugali, nikalitoboa kwa kidole gumba, nikajaza maharagwe shimoni, nikaziba. Bibi yako alimlisha Roza matonge yale akiona bugali tu. Alikuwa anasema, "Huyu anakula muzuri kuliko kaka yake." Nilikuwa nageuka kutazama moto.

Siku moja tonge likapasuka mkononi mwake. Akaona. Aliangalia maharagwe yale kwenye kiganja, akaniangalia. Nikangoja aseme nampasua mtoto tumbo. Badala yake alilitia tonge mdomoni mwa Roza, akapangusa kidole, na baadaye sana, kama anaongea na moto, akasema, "Kama ungeniambia." Nikasema, "Sikujua, mama." Akasema, "Na miye pia." Hatukurudia tena maneno hayo, lakini tangu siku ile maharagwe yalisagwa waziwazi, na aliyasaga yeye.

Mume wako atakwambia mtoto anataka nyama. Vitabu vyake vya shule vina picha ya ng'ombe. Mwambie alete huyo ng'ombe. Huko Wamaza mwindaji akirudi na mnyama, mguu una mwenyewe, ini lina mwenyewe, mtoto anapata mfupa wa kulamba na kusifia. Yai ukiweza kumpa, mpe, akiwa mwizi tutamshukuru Mungu. Samaki vilevile, hata kichwa tu, hata vumbi lake lililobaki kwenye kikapu. Lakini usikae ukingoja nyama huku shamba limekuzunguka. Roza alikua kwa vitu vya shamba. Asubuhi uji niliutia karanga zilizotwangwa. Sombe niliitwanga sana na kuichemsha mpaka ikaacha harufu ya ubichi, nikatia karanga na mafuta ya mawese hadi ikang'aa, kwa sababu mtoto anayenyimwa mawese giza likiingia haoni, anapapasa ukuta. Lenga-lenga, mchicha wetu, ilijiotea yenyewe kwenye takataka nyuma ya nyumba. Papai lilikuwa la kwetu na ndege. Na sikungoja mchana na jioni kama watu wakubwa. Kila nilipopita karibu naye nilimtia kitu mdomoni, tumbo dogo hujazwa kidogo kidogo.

Na muhogo uloweke mpaka ulainike kabisa, hata kama wageni wamesimama mlangoni. Hilo unalijua. Nimelisema kwa sababu mkono umezoea kusema.

Wala usiende Wamaza kumfundisha mama mkwe wako. Ukifika ukasema, "Kwetu tunafanya hivi," umekwisha haribu. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu maharagwe na bado nilikaa na bibi yako karibu na moto mmoja mpaka alipokufa, na alipokuwa hawezi tena kutafuna aliniomba supu. Nikampa supu, nikaponda na maharagwe ndani yake. Akanywa. Akasema, "Iko nzito." Nikasema ndiyo, mama.

Mpe mama mkwe wako tonge alishe. Mwache aone mtoto anakimbia, anaiba, anavunja vyungu. Mtoto anayekaa mlangoni kwa utulivu ndiye wa kukutia hofu. Mbonyeze mguu kila unapomwogesha, huku unaimba, hakuna atakayejua unatafuta nini. Na huyo aliye tumboni akizaliwa, wakati wake wa kuachishwa utafika pia, na utakuwa umechoka, na Leta itakuwa na mashamba yake. Nalijua hilo. Hata hivyo, mlishe.

Shangazi zako wamefika kwenye sura ya kutunza siri za mume, nasikia mnapiga vigelegele. Roza ameingia kuniuliza naandika nini, nimemwambia naandika bei ya chumvi. Kizito ameamka. Amejikokota mpaka kwenye kinu, ameshika ukingo, anatazama ndani. Nimemtazama muda mrefu. Nilidhani sitasikia kitu, na nilikuwa nimejitayarisha kutosikia. Kuna kitu kama sindano kimepita, kama mguu wenye ganzi unapotaka kuzinduka. Kisha kimeondoka.

Chini kabisa ya kikapu chako, chini ya vitenge, nimekuwekea karanga. Nimezichagua kubwa kubwa, hazina tundu, shangazi zako wanadhani ni za kupanda. Mama mkwe wako naye atadhani hivyo. Ni mama wa adabu, atazitundika juu ya moto mahali ambapo hapana mkono unaofika. Akigeuka, ziteremshe. Za kupanda nitatuma nyingine kabla ya mvua. Hizi ziweke chini, karibu na mkeka, kikapu kikiwa wazi.

Na siku utakayokuta maganda chini ya mkeka, bibi yake akiuliza ni nani, usimtazame mtoto. Sema ni panya.

Mama yako,
Anastazia